Nzige "zimevamia"?

Msomaji ananiuliza: "Panzi, nzige na nyenje ni mdudu mmoja mwenye majina matatu? Na je, ni sahihi kusema 'nzige zimevamia mashamba' kama nilivyosikia redioni?"

La kwanza nilimalize upesi. Ni jamaa, si mdudu mmoja. Wanasayansi wamewatia kapu moja, Orthoptera, Kigiriki chenye maana ya mabawa yaliyonyooka. Nyenje ana vipapasio virefu vyembamba, huimba kwa kusuguanisha mabawa, na masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Panzi ana vipapasio vifupi. Nzige naye ni panzi, ila wa zile aina chache ambazo wakisongamana hubadilika rangi na tabia, wakaanza kusafiri kwa makundi. Kila nzige ni panzi. Si kila panzi ni nzige.

Sasa hiyo "zimevamia". Nami nimeisikia, nikazima redio, nikaendelea kubishana nayo ikiwa kimya. Nini hizo zimevamia, sufuria? Nzige anakula, anaruka, anataga mayai. Kiumbe hai huyo, ngeli yake ni A-WA, hata kama jina lake halina m- wala wa-. Nzige huyu ametua, nzige hawa wametua. Ukisema "nzige hizi zimetua" umewapanga kabatini pamoja na sahani na chupa, na sahani hazijawahi kumaliza shamba la mtu.

Wajuaji hapo huniletea "rafiki zangu", wakidhani wamenibana. Haya, endeleeni na sentensi: rafiki zangu wamefika au zimefika? Hiyo "zangu" ni ya kimilikishi tu, tena kwa majina machache ya udugu na urafiki. Kitenzi kinarudi nyumbani kwake. Na kama bado mnabisha, chukueni methali, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru", mwieleze mtoto maana yake kwa sarufi yenu: "Panzi zikipigana, kunguru inafurahi." Inafurahi! Kama friji iliyorudishiwa umeme.

Kuna pia wanaosema "mapanzi". Wingi wa panzi ni panzi, nimeliandika hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na sina tena nguvu za kupigana pande zote mbili. Semeni mapanzi. Ila wawe mapanzi wanaoruka.