Blanketi la vipande 300, nimekwama kwenye 112

SWALI: Shikamoo fundi. Miaka miwili iliyopita nilianza kumfumia mama blanketi la kitanda, sentimita 150 kwa 200, maana baridi ya Njombe mwezi wa sita na wa saba haina mchezo. Ni la vipande vya mraba vya sentimita 10, rangi tatu kila kimoja, mzunguko wa mwisho mweupe. Natumia uzi wa akriliki na sindano ya kroshia ya milimita 4. Nina vipande 112 kwenye kiroba. Juzi nimevipanga sakafuni, havilingani kabisa! Nifumue vyote nianze upya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifumue.

Tuanze na hesabu. Blanketi ulilopanga linataka vipande 300. Kwa mwendo wako bado miaka mitatu na ushee. Tena kipande cha rangi tatu kina ncha sita za uzi, na nahisi hujazificha. Hizo ni ncha 672 zinakusubiri. Mimi mwenyewe kiroba cha namna hiyo kilikaa uvunguni mwaka mzima, nikifagia nakisukuma pembeni.

Kwa hiyo punguza blanketi. Fuma vipande vinane tu, vifike 120. Ukipanga 10 kwa 12 unapata sentimita 100 kwa 120, na pindo la sentimita 10 kila upande linakufikisha 120 kwa 140. Mama akikaa jioni, linamfunika kiunoni hadi miguuni.

Sasa kutolingana. Tunapoanza kazi tunabana uzi, mkono ukizoea unalegea, ndiyo maana vya zamani ni vidogo. Chukua rula, upange mafungu matatu. Vyenye sentimita 9.5 hadi 10.5 viache. Idadi ya mishono ikiwa sawa kila upande, ukiunganisha mshono kwa mshono tofauti hiyo inamezwa. Vidogo zaidi ya hapo, fumua mzunguko mweupe peke yake, uurudie kwa sindano ya milimita 5. Uzi uliofumua utapunguka kidogo, tumia mpya. Vikubwa, fanya vivyo hivyo kwa sindano ya 3.5. Hapa kuchelewa kwako kumekusaidia, maana ncha iliyokwisha kufichwa kuifumua ni adhabu.

Uzi mweupe wa kuunganisha na wa pindo nunua wote siku moja, uangalie namba ya mkupuo wa rangi (dye lot) kwenye karatasi ya kila donge ifanane. Weupe nao una aina zake, mwanangu. Ukitofautiana kidogo na ule wa zamani si neno, mradi huu mpya uzunguke blanketi zima.

Usingoje vipande vyote viishe ndipo uunganishe. Kila ukipata kumi, ficha ncha zake kwa sindano butu ya tundu kubwa: pitisha uzi kwenda, kurudi, kisha kwenda tena, kwani akriliki huteleza. Halafu viunge kuwa mstari mmoja. Vile vinane vipya, kila unapobadili rangi fuma juu ya ncha, ijifiche yenyewe.

Kona zikijikunja, pitisha mvuke wa pasi kwa juu bila kugusa. Pasi ikigusa akriliki, uzi unalala na kung'aa, haurudi tena. Jaribu kwanza kwenye kipande kibaya kuliko vyote.

Mama akilitaka refu zaidi, ongeza mistari kabla hujaanza pindo.