Maji mengi hayapozi mwili: jibu kwa mwendesha baiskeli anayekwenda Kansas

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 36, naishi Arusha. Nimepata nafasi ya kushiriki Unbound Gravel kule Emporia, Kansas, maili 200 za barabara ya changarawe. Zimebaki wiki sita. Baiskeli iko tayari, na miguu nadhani iko tayari, maana kila wikiendi napiga kilomita 150 bila shida. Ninachoogopa ni joto. Kocha wangu anasema ninywe lita moja ya maji kila saa hata kama sina kiu, nimeze vidonge vya chumvi ili maji yakae mwilini, na wiki mbili za mwisho nifanye mazoezi juani nikiwa nimevaa koti la mvua. Wenzangu wanasema nisijisumbue, Mwafrika kazaliwa na joto. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba. Usimfuate yeyote kati yao.

Nianze na lita moja kwa saa, kwa sababu ushauri huo naukuta kila wiki, kwa wakimbiaji, kwa wapanda Kilimanjaro, hadi kwa vijana wa mpira, na umeshanichosha. Umejengwa juu ya imani kwamba anayeanguka kwa joto ameanguka kwa kukosa maji, basi maji yakijaa tumboni joto halitamgusa. Si kweli. Joto linaloua mtu juu ya baiskeli analitengeneza mwenyewe. Katika nishati yote inayochomwa na misuli, kama robo tu ndiyo inayozungusha magurudumu. Iliyobaki inageuka joto ndani ya mwili. Ukikanyaga kwa wati 200, ndani yako kuna joto la wati 600 au zaidi linalotafuta pa kutokea, saa baada ya saa.

Mlango wake mkubwa ni jasho linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoka na kilojuli kama 2,400 za joto. Jasho linalodondoka chini halijapoza chochote. Kazi ya maji unayokunywa ni kuhakikisha damu haipungui na jasho halikatiki. Ukishakunywa ya kutosha kwa kazi hiyo, lita inayozidi haikupozi hata kidogo. Ndiyo maana nimeona watu wenye mkojo mweupe kabisa wakipata kiharusi cha joto, yaani mwili kuwaka hadi fahamu kuvurugika: walikanyaga kupita uwezo wa ngozi yao kutoa joto.

Na hiyo lita inayozidi inakwenda wapi? Katika kazi ngumu ya saa nyingi mwili hutoa homoni inayozuia figo kumwaga maji. Yanabaki, yanaizimua damu, na sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ambayo kwa kawaida ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, inashuka. Ikishuka sana ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002 mkimbiaji mwenye miaka 28 alikufa hivyo. Watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 wa mbio zilezile wakakuta asilimia 13 wameshuka hadi 135 au chini yake, na kilichoonyesha zaidi nani yumo hatarini kilikuwa kuongezeka uzito njiani. Mtu amekimbia kilomita 42 akamaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza!

Niliwahi kuletewa mama mmoja baada ya mbio za barabarani. Alikuwa anatapika, kichwa kinapasuka, hajui yuko wapi, pete imezama kwenye kidole kilichovimba. Kituo cha kwanza kilichompokea kilisema amekaukiwa maji na kikamtundikia dripu mbili, kumbe maji yalikuwa yamemzidi. Alikuwa amefuata ushauri kama wa kocha wako, neno kwa neno, na alikuwa na vidonge vya chumvi mfukoni. Alipona, lakini baada ya siku mbili chumba cha wagonjwa mahututi.

Kuhusu vidonge hivyo, fanya hesabu hii. Pakiti ya ORS ikichanganywa kwenye lita moja ya maji inatoa sodiamu milimoli 75. Hiyo ni kama nusu tu ya iliyomo kwenye damu yako, na ORS ina chumvi kuliko karibu kila kinywaji cha wanamichezo kinachouzwa dukani. Kwa hiyo ukinywa kupita kiasi unaizimua damu hata kama maji yana chumvi. Weka chumvi kwenye chupa, kula vitu vya chumvi, ni vizuri kwa safari ya saa kumi na nne. Ila chumvi haikupi ruhusa ya kunywa ovyo. Anayekuuzia unga wa "kuzuia joto" nyuma ya mgongo wa hesabu hii anakula pesa yako.

Namba ya kufuata ni ya mwili wako, si ya kocha. Jipime uzito bila nguo, endesha saa moja kwa mwendo wa mashindano kwenye jua la mchana, jifute jasho, jipime tena. Tuseme ulianza na kilo 70.0, ukarudi na 69.1, na njiani ulikunywa nusu lita bila kukojoa: umetoka jasho lita 1.4 kwa saa. Rudia siku tatu tofauti. Siku ya mashindano kunywa kwa kiu, chini ya kiwango hicho, usijaribu kukirudisha chote. Kumaliza ukiwa umepungua kilo moja au moja na nusu si ugonjwa. Kumaliza ukiwa umeongezeka ni hatari.

Koti la mvua litupe. Linakutoa jasho jingi kwa kulizuia lisikauke, yaani linafunga mlango uleule nilioueleza. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha uzito kwa mazoezi ndani ya nguo zisizopitisha hewa.

Wenzako nao wamekosea, na kosa lao ni rahisi kusahihisha. Kuzoea joto hakurithiwi. Mwili huzoea joto la pale unapoishi tu, na wewe unaishi Arusha, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwezi wa tano watu wanavaa sweta. Mazoea hujengwa kwa siku kumi hadi kumi na nne za kupashwa joto kila siku, saa moja hadi moja na nusu. Siku chache za kwanza ujazo wa damu huongezeka na mapigo ya moyo hupungua. Baadaye jasho huanza mapema, huwa jingi zaidi na lenye chumvi kidogo. Ukiacha, yote hayo hupotea ndani ya wiki chache, kwa hiyo usianze leo. Anza zikibaki wiki tatu. Una bahati ya kuwa karibu na barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka hadi Ngare Sero: Ziwa Natron liko mita kama 600 tu, joto lipo, changarawe ipo. Kama huwezi kuhamia huko siku kumi, kaa kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 kwa dakika 30 au 40 kila umalizapo mazoezi. Pipa lililokatwa linatosha. Pawe na mtu karibu, na ukisikia kizunguzungu toka.

Fika Emporia siku tano au sita kabla na uendeshe saa moja kila mchana. Flint Hills, vilima ambako mbio hizo zinapita, ni mbuga ya nyasi, kivuli hakuna, na mwanzoni mwa mwezi wa sita unyevu wa hewa unaweza kulichelewesha jasho lisikauke. Hapo watu wengi hudanganyika na upepo. Mara nyingi unatoka kusini, na ukielekea kaskazini unakusukuma, unafurahia kasi, kumbe hakuna hewa inayopita kwenye ngozi. Vilevile kwenye vilima: unakwenda taratibu, unakanyaga kwa nguvu, hewa imesimama. Punguza nguvu hapo hata wenzako wakikupita, na maji ya ziada jimwagie kichwani na kifuani. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya magoti siku hiyo. Figo zinazopata damu kidogo haziihitaji adha hiyo, na dawa hizo huzifanya zizidi kushikilia maji.

Nikiwa kwenye hili, niseme na wanaoandaa mbio na wanaosindikiza wenzao, hapa kwetu hasa. Mshiriki akianza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka, kugombana bila sababu au kuanguka, na mwili wake unawaka, mpozeni hapohapo kabla ya kumpakia kwenye gari. Si paracetamol: hiyo hushusha homa ya maradhi, hili si homa. Wala msimnyweshe maji mtu ambaye fahamu zimepotea. Mtumbukizeni hadi shingoni kwenye maji ya barafu, kichwa kikishikwa juu, na maji yachanganywe muda wote. Waandaaji wa Falmouth Road Race, mbio za barabarani huko Massachusetts, Marekani, walitibu hivyo wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto katika miaka 18, na wote waliishi. Lengo ni kushusha joto la ndani chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa, likipimwa njia ya haja kubwa, maana kipimo cha kwapani au cha paji la uso hudanganya. Kama beseni kubwa hakuna, turubai lililoshikwa pembe na watu wanne, ndoo za maji na barafu ya muuza samaki vinatosha. Viwekeni tayari kwenye kituo cha mwisho kabla filimbi ya kuanza haijapigwa.