Baba watoto halipi matunzo, nimfunge ama kuna njia ingine?

SWALI: Hujambo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kaptembwo hapa Nakuru. Korti iliamua baba yao awe ananitumia 8,000 kila mwezi, akatuma kidogo akanyamaza, saa hii deni imefika 72,000. Yeye ni fundi wa kuchomelea, siku zingine kuna kazi zingine hakuna. Majirani wananiambia nimfunge tu, mama mkwe naye ananililia ati nikimfunga nani atalipa. Nifanye nini? – Mama wawili, Nakuru

JIBU: Pole sana dadangu. Miezi tisa bila kitu na watoto wanataka kula kila siku, si mchezo.

Jela ya madeni ipo na uko na haki ya kuiomba, lakini kwanza ujue vile inafanya kazi. Hakimu hawezi kumtupa ndani hivi hivi, lazima aitwe aje ajieleze kwa nini asifungwe, na anafungwa tu ikionekana uwezo anao ila amekataa kulipa, ama anaficha mali, ama anataka kutoroka. Kifungo hakipiti miezi 6. Halafu kuna kitu wamama wengi hawaambiwi mpaka wafike kwa kaunta ya korti: kwa kawaida anayeomba mwenzake afungwe ndiye analipia masurufu, yaani pesa za kumlisha huyo mfungwa huko ndani! Na akitoka deni bado iko, haifutiki. Kwa hivyo mama mkwe hajasema vibaya, huyo fundi akiwa ndani hachomelei geti ya mtu na wewe hupati hata shilingi.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza kwa kuomba korti imuite aeleze mapato yake kwa kiapo, nani anampa kazi, pesa zinaingilia wapi, aje na stetimenti ya M-Pesa. Hapo ndio utajua kama hana ama hataki, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Angekuwa ameajiriwa korti ingeagiza mwajiri akate kwa mshahara kabla haujamfikia, hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Kwa fundi wa jua kali ombeni alipe kwa wiki, kwa sababu mtu anayepata pesa kwa siku ukimngoja mwisho wa mwezi zimeisha, na ile deni ya nyuma igawanywe aongezee kidogo kidogo juu ya ile ya kawaida. Mali yake inaweza kushikwa na dalali wa korti pia, TV, viti, lakini mashine ya kuchomelea msiiguse, sheria inalinda vifaa vya kazi vya mtu na hata bila sheria hiyo ndiyo inalisha watoto wako.

Pia uliza kuhusu upatanishi wa korti. Ulianza Nairobi mwaka 2016 ukafika Nakuru na Kisumu, mpatanishi humlipi, na unafaa kuisha ndani ya siku 60. Mkielewana, hayo makubaliano yanapelekwa kwa hakimu yanakuwa amri ya korti, si maneno ya kwa chifu ambayo mtu anasahau akitoka mlangoni. Hapo mnaweza hata kukubaliana karo aweke moja kwa moja kwa akaunti ya shule.

Lakini kama yuko na pesa na anakuzungusha tu, dadangu usimwonee huruma, omba hiyo jela. Iliwekwa kwa watu kama hao.

SWALI: Dada, mimi ni mtu wa boda hapa Kondele, Kisumu. Korti ilisema nitoe 10,000 kwa mtoto wangu, nimekuwa nikitoa, lakini pikipiki iliibiwa na sasa nafanya vibarua. Nimeletewa barua ya kuitwa kortini na naogopa nikienda nitashikwa. Nisiende? – Baba Junior

JIBU: Enda kaka. Enda hiyo tarehe kabisa! Usipoenda ndio warenti inatolewa, na hapo hakimu atasikia upande mmoja tu.

Beba abstrakti ya polisi ya hiyo pikipiki, beba stetimenti ya M-Pesa inayoonyesha ulikuwa ukituma, halafu omba ile 10,000 ipunguzwe kulingana na unachopata sasa. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu amri ya matunzo kubadilishwa mambo yakibadilika, lakini haibadiliki yenyewe, kila mwezi ukikaa kimya deni inapanda kwa ile bei ya zamani. Na usingoje mpaka upate yote, hata ukipata 500 tuma.

Hili jambo la uwezo ni zito hata kwingine. Kule Marekani baba mmoja wa South Carolina alifungwa miezi 12 juu ya matunzo, na kwenye fomu ya korti ile sehemu ya kuonyesha kama ana uwezo wa kulipa iliachwa wazi, haikujazwa kitu. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kumfunga hivyo ilikuwa makosa. Kwa hivyo usiache ya kwako ibaki wazi, wewe mwenyewe sema na uonyeshe karatasi.

Ukikosa wakili anzia ofisi ya watoto hapo Kisumu. Na mama mtoto mpigie leo umwambie pikipiki iliibiwa, pengine hajui.