Katibu mahsusi, muhtasi au muhtasari?

SWALI: Naandika barua ya kuomba kazi katika ofisi ya shule ya sekondari. Tangazo linasema "katibu mahsusi". Rafiki yangu anashikilia kuwa Kiswahili chenyewe ni "katibu muhtasi", na mwingine ameniandikia "katibu muhtasari". Chuoni tulifundishwa "mhazili". Nishike lipi? Na je, karani ni katibu wa cheo cha chini?

JIBU: Tuanze na la kutupa: "katibu muhtasari". Muhtasari ni maelezo yaliyofupishwa, au kumbukumbu za kikao. Katibu huuandika, lakini cheo chake hakitokani nao. Kosa lenyewe linaeleweka. Sikio likikutana na "muhtasi" na halilijui, hukimbilia neno la karibu linalolifahamu. Katika Kiarabu, yalikotoka, haya ni maneno ya mizizi miwili. Muhtasari una mzizi wa kufupisha. Muhtasi na mahsusi yana mzizi wa kutenga kitu kwa jambo moja, mzizi uleule uliotupatia hususani na hasa.

Rafiki yako wa kwanza basi hajakosea, ila hana sababu ya kukusahihisha. Mahsusi na muhtasi ni ndugu, na yote mawili yanamtaja katibu aliyewekwa kwa ajili ya mkuu fulani au ofisi fulani. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, matangazo ya ajira yalizoea "katibu mahsusi", tena kwa madaraja. Daraja la tatu lilidai hatimkato (mwandiko wa alama fupi wa kunakili maneno yanaposemwa) ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika moja. Siku hizi utakuta pia "mwandishi mwendesha ofisi", cheo ambacho binafsi sikipendi, maana ukisema mwandishi watu wengi hufikiria magazeti na vitabu. Lakini vyeo vya serikali haviombi ruhusa kwetu. Lililo kwenye tangazo ndilo utakaloandika kwenye kichwa cha barua, hata kama moyo wako uko kwa muhtasi.

Mhazili nalo lina nafasi yake. Uhazili ni taaluma, ndiyo inayosomewa na kuandikwa kwenye cheti. Ukiandika "mimi ni mhazili mwenye stashahada, naomba nafasi ya katibu mahsusi", hujarudia neno: umetaja ulichosomea, kisha kazi unayoitaka.

Jihadhari tu usilikate jina likabaki "katibu". Katibu Mkuu wa wizara na Katibu Tawala wa mkoa ni wakubwa wenye makatibu mahsusi wao. Ukidai uliwahi kuwa "katibu wa wizara" wakati ulikuwa ukipokea wageni na kuchapa barua, atakayeisoma atashtuka, au atacheka.

Karani ni jambo jingine. Tofauti yake na katibu mahsusi ni ya kazi kabla ya kuwa ya cheo. Katibu mahsusi humhudumia mkuu wake: miadi, barua, simu, wageni. Karani hushughulika na kumbukumbu: hujaza rejesta, huandika stakabadhi za malipo, hufungua majalada na kuyafuatilia masjala (neno lililo ukoo mmoja na sajili na msajili). Ndiyo maana tuna karani wa mahakama na karani wa sensa. Wala neno hili si la wadogo peke yao. Kenya ina Karani wa Bunge la Taifa, mkuu wa watumishi wote wa bunge hilo. Tanzania mwenye kazi kama hiyo huitwa Katibu wa Bunge. Ukubwa wa mtu, basi, utausoma kwenye maneno yanayofuata baada ya karani au katibu.

Kwa kuwa barua yako itapita mikononi mwa walimu, angalia na wingi: makatibu mahsusi, si "makatibu wahsusi". Na makarani, ingawa wana ma-, ni watu: makarani wetu wamefika, si "makarani yetu yamefika".