«Rudini kwenu»: majibu kwa wapangaji wanaosumbuliwa kwa ajili ya kabila lao

Barua hizi zimetoka katika malupango (viwanja vyenye nyumba kadhaa) na makambi ya wafanyakazi ya Lubumbashi, mji wa Katanga, Kongo. Tumezifupisha, na kila kinachoweza kumtambulisha mtu tumekiondoa.

Tuko familia sita katika lupango moja, Katuba. Sisi peke yetu ndio wa Kasai, jimbo la jirani. Jirani mmoja ametia kufuli kwenye robine (bomba la maji) na funguo amewapa wengine wote. Nikimwomba ananijibu: «Maji ni ya wenye inchi, rudini kwenu.» Shefu wa avenyu (kiongozi wa barabara yetu) anasema ni ugomvi wa maji tu. Ni kweli?

Hapana, mama. Ugomvi wa maji una hesabu yake: nani hakutoa mchango wa mwezi, nani alijaza mapipa wakati wenzake wako kwenye foleni. Ukilipa, unaisha. Wewe umelipa na kufuli bado linaning'inia, na sababu amekutajia kwa mdomo wake mwenyewe.

Sheria-amri namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inamwadhibu mtu yeyote anayeonyesha chuki ya rangi, ya kabila au ya jimbo, kwa maneno, kwa ishara, kwa maandishi au kwa njia nyingine yoyote. Adhabu ni kifungo cha mwezi 1 hadi miaka 2, pamoja na faini, au kimojawapo. Basi katika mashtaka yako andika kufuli na neno pamoja. Wengi huandika «alininyima maji» tu, na faili inarudishwa kwa shefu kama jambo la nyumbani.

Wala mtu asikuambie kwamba ni utani. Walioishi Katanga mwaka 1992 na 1993 wanakumbuka watu wa Kasai wakifukuzwa Likasi, kisha Kolwezi, wakiitwa bilulu, yaani wadudu, na familia nzima zikilala kwenye gare (stesheni) zikingoja treni. Jimbo ambalo limeona hayo halina haki ya kuzarau neno la namna hiyo.

Nina vokali (ujumbe wa sauti) za WhatsApp, na mlangoni kwangu waliandika matusi kwa makaa. Nifanye nini ili nisipoteze ushahidi?

Nunua kaye (daftari) moja, iwe ya kazi hiyo tu. Kila tukio liandikwe siku ileile: tarehe, saa, mahali, maneno, waliokuwepo. Maneno yaandike kwa lugha yaliyosemwa, usitafsiri na usiyapunguze makali kwa sababu ya haya. Mstari mmoja unatosha: «Jumanne, saa 12 na dakika 20 asubuhi, kwenye robine. Alisema: “Weye Muluba, hapa si kwenu.” Walikuwepo: mama wa nyumba ya tatu, kijana wa mikate.» Kaye yenye mistari kumi ya namna hii ina uzito kuliko masimulizi marefu yaliyoandikwa mwezi mzima baadaye, kwa sababu OPJ (afisa wa polisi anayechunguza mashtaka) anaweza kumwita yule kijana wa mikate na kumuuliza juu ya Jumanne ile.

Vokali ziache katika simu zilimoingia. Usizifute, usizisambaze katika makundi: ukizisambaza, mtuhumiwa atasema wewe ndiye unayeeneza. Piga picha ya skrini ikionyesha namba, si jina ulilolihifadhi mwenyewe, maana jina hilo ungeweza kumpa mtu yeyote. Halafu weka nakala katika simu ya ndugu unayemwamini.

Maandishi ya mlangoni, piga picha mbili kabla ya kuyagusa: moja kutoka mbali, mlango na nyumba vionekane, nyingine karibu, herufi zisomeke. Mwite shefu wa avenyu ayaone kwa macho yake. Kisha yaoshe leo hii hii. Watoto wako wasipite mbele yake wiki nzima eti unahifadhi ushahidi.

Kama umepigwa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwombe OPJ karatasi ya kumtaka daktari aandike majeraha.

Angalia pia muda: tusi la kawaida la hadharani, mashtaka yake yanakufa baada ya mwaka 1. Kosa la chuki ya kikabila, baada ya miaka 3.

Polisi walimkamata, kesho kutwa akarudi anatucheka. Walihongwa?

Si lazima. Katiba inakataza polisi kumshika mtu zaidi ya saa 48. Baada ya hapo wamfikishe mbele ya mwenye sheria au wamwachie. Kurudi kwake si mwisho wa faili. Uliza namba ya faili na uliza imepelekwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) gani. Ikilala, unaweza kumshtaki moja kwa moja mbele ya Tribunali ya Amani, bila kungoja parke. Kama huna pesa, omba cheti cha umaskini kwenye huduma ya mambo ya kijamii ya komine, kisha uliza baro (chama cha mawakili) ofisi yake ya mashauri ya bure.

Siku ile atakaporudi ndiyo ya hatari. Panga mapema nani atalala kwenu na watoto watapita njia gani kwenda shule.

Mwenye nyumba anasema majirani hawataki «watu wa kwenu», nitoke mwisho wa mwezi.

Usitoke. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka akupe preavi (taarifa ya mapema) ya miezi 3 kwa nyumba ya kukaa, na garanti (pesa ya dhamana) haipiti kodi ya miezi 3. Shefu wa kartie (mtaa) hana uwezo wa kukufukuza, polisi pia hana. Kinachomtoa mpangaji ni hukumu. Endelea kulipa kodi na udai risiti. Akikataa kupokea, mlipe mbele ya mashahidi wawili au kwa njia ya simu inayoacha alama. Wapangaji wengi wanapoteza hapa: wanakasirika, wanaacha kulipa, na mwenye nyumba anapata sababu safi ya kuwatoa. Mgogoro wenyewe peleka kwanza kwenye huduma ya makao, Habitat, kwa upatanisho.

Sisi tunakaa katika kambi ya kampani. Msumbufu ni mtoto wa ajenti (mfanyakazi wa kampani).

Andikieni shefu wa kambi na delege wa sindika (mwakilishi wa chama cha wafanyakazi), nakala mbili, moja irudi na muhuri. Nyumba amepewa baba kwa ajili ya kazi, kwa hiyo kampani ina la kumwambia. Hilo halifuti mashtaka yenu.

Mimi ni mwenyeji hapa. Jirani yangu wa Kasai anatukanwa kila siku na ninaogopa kuitwa msaliti. Naweza kufanya nini bila kupigana?

Mengi, ndugu. Teka maji pamoja naye saa ileile. Mtukanaji anapenda kumkuta peke yake. Tusi likitoka, msemeshe jirani yako, si mtukanaji: «Mama, lete ndoo yako hapa.» Jioni mwandikie ulichosikia, utie tarehe na sahihi. Ushahidi wa mwenyeji una uzito wa pekee, maana unamnyima mtuhumiwa neno lake la kujitetea kwamba wa Kasai wamepatana kumsingizia. Mkisindikizana kwa OPJ, ngoja naye mpaka mwisho, maana huko mtu huchoka akakubali kusaini asichosema. Asomewe maandishi yote kabla ya sahihi.

Usimshauri ahame. Kila mtu atamwambia hivyo, kwa upole kabisa, na mwenye kufuli atabaki na robine. Muulize yeye anataka nini: kukaa, kushtaki, au kupumzika wiki moja kwa dada yake. Halafu msaidie katika hilo.

Nilimrudishia matusi ya kabila lake. Nimeharibu kesi?

Umeidhoofisha. Sheria ileile inakushika na wewe. Mwambie OPJ mwenyewe kabla yeye hajasema, na usirudie.