Mume hukimbia Jumamosi, mke hubeba mizigo kila siku

SWALI: Nauza unga wa muhogo katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Kila alfajiri hupanda mlima na gunia mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Mume wangu hufanya kazi ofisini na, kwa shauri la daktari, kila Jumamosi huenda futing, yaani mbio za mazoezi, na wenzake. Nilipomwomba tutembee pamoja, alijibu kwamba mimi tayari nafanya mazoezi ya kutosha, na kwamba mke wa mtu akionekana barabarani na suruali ya michezo watu watasema. Je, ni kweli?

JIBU: Mama, kwa hesabu ya dakika hakukosea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na unahesabu pia kazi, safari za miguu na shughuli za nyumbani. Wewe hukivuka kiwango hicho mapema sana.

Lakini anayekimbia kwa hiari huchagua mwendo wake, husimama akichoka, kisha huoga na kupumzika. Anayebeba gunia hufuata mteja na bei ya siku hiyo, shingo na kiuno vikiwa vimekazwa kwa muda mrefu, na akifika nyumbani makala ya kupikia, maji na masufuria vinamsubiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowafuata watu wazima zaidi ya laki moja wa Copenhagen, uliona kwamba waliofanya mazoezi mengi wakati wa mapumziko walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiasi kidogo, ilhali wenye kazi nzito za mwili walipatwa zaidi. Wapo wataalamu wanaosema kwamba hapo umaskini wenyewe ndio unaoumiza, na nadhani kwa sehemu wana haki.

Mwaka 2022, duniani kote, asilimia 34 ya wanawake hawakufikia kiwango kinachoshauriwa, wanaume asilimia 29. Siuiti huo uvivu. Saa ya Jumamosi ya mumeo inapatikana kwa sababu kuna mtu aliyebaki na watoto, na mtu huyo ni wewe.

Kwa hiyo usiongeze mbio juu ya gunia. Kwanza dai pumziko: mzigo ugawanywe, na Jumamosi sehemu yake aibebe yeye, maana mlima wa Kadutu utamfaa moyo wake kama futing. Kisha tembeeni pamoja mikono mitupu, hata kuelekea Nguba kando ya ziwa. Ukipenda vaa kitenge, ukipenda suruali, kwani wasemaji hawakubebei gunia. Na kama mikono hufa ganzi, au kichwa hukuuma baada ya mzigo, nenda kituo cha afya wiki hii wakupime tansio, yaani shinikizo la damu, na kukuchunguza shingo.