Barua kwa mwanangu: kumlilia asiyekujua

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na mama yako amepona kile kifua, anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba wenzako kazini walikucheka walipokukuta unafuta machozi huku ukitazama kwenye simu mchezo wa zamani wa mchekeshaji King Majuto, ukaniuliza kama ni sawa mtu kumlilia msanii ambaye hakuwahi kujua hata jina la anayemlilia, na kwa nini mimi, niliyemzika babu yako bila kutoa chozi, nililia ile Agosti ya mwaka 2018 Majuto alipofariki.

Jibu langu linaanzia mbali kidogo, kwa hiyo nivumilie. Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya barabara ya 12 ilikuwa na redio moja ya betri, na betri zilipochoka bibi yako alizianika juani ili zimalizie japo kipindi kimoja. Aliyekuwa akimsubiri ni Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyeimba na Black Star na baadaye Lucky Star hapa hapa Tanga, katika zama ambazo vikundi vyetu vilitia gitaa la umeme na besi kwenye taarab, ikawa nyepesi na ya kuchezeka kuliko ile ya okestra kubwa za Unguja zenye safu za fidla. Shakila alipoanza tu, bibi yako aliyekuwa amekalia mbuzi akikuna nazi alisimamisha mkono, kifuu kikabaki kimeegemea meno ya mbuzi, na mchuzi wa siku hiyo ukachelewa. Hakuna aliyethubutu kuzungumza.

Ikiwapo shughuli yenye taarab, alifungua pindo la kanga, akatoa noti aliyoificha humo, akaenda kwa madaha mpaka mbele kumtunza mwimbaji. Nilimwona kwa macho yangu nikichungulia dirishani pamoja na watoto wenzangu, na nilijua kuwa noti ile ilikuwa ya mafuta ya taa. Alirudi kitini amenyoosha shingo kama aliyetoka kulipa mahari.

Kizazi changu ndicho kilichoharibu. Kaseti zilipoenea, nilipeleka kanda tupu kwenye kibanda cha kurekodia, nikamlipa mwenye kibanda, na aliyeimba hakupata hata thumni. Kisha zikaja sidii, nanyi wanangu mkacheka na Majuto mpaka mkaanguka kwenye mkeka, kwa nakala za wizi nilizozinunua barabarani kwa bei ya maandazi. Bila shaka unaikumbuka ile iliyokuwa ikikwama mahali pale pale, nawe ukawa unayamalizia maneno yake mwenyewe. Mwenzake wa vichekesho, Sharo Milionea, kijana wa Muheza, alipokufa kwa ajali ya gari tarehe 26 Novemba 2012, ulikataa kula. Wala siku ile sikukuuliza kama alikujua.

Majuto, jina lake Amri Athumani, alikuwa mtu wetu wa Tanga, aliyeanza kuigiza tangu utotoni katika miaka ya 1950. Alifariki Muhimbili siku ya Nane Nane, akaletwa nyumbani kuzikwa. Nilikuwamo katika umati ule, mbali na kaburi. Unajua desturi yetu mazikoni: hutangazwa kwamba mwenye kudaiana na marehemu aonane na warithi. Kwa babu yako nilikuwa sina deni, kwa kuwa nilimuuguza, tukatakana radhi, na kila mmoja alikuwa ameyamaliza ya mwenzake. Kwa Majuto, nikiwa nimesimama pale juani, nilihesabu sidii moja moja na vicheko vyote vya nyumba yangu, nikaona sijawahi kumpa mtu yule hata shilingi. Ndipo machozi yakanitoka, na sikuyaonea haya, ingawa jirani yangu alidhani nimepatwa na kizunguzungu akanipa maji.

Kwa hiyo lia, mwanangu. Hao wanaokucheka huenda nao walicheka bure kama sisi.

Tena si Majuto peke yake. Shakila alipofariki Agosti 19, 2016, huko Dar es Salaam, bibi yako alikuwa hai bado, macho yake yameshapotea nuru. Nilimpa habari taratibu. Alinyamaza, kisha akaanza kupapasa pindo la kanga yake, akafungua fundo, akanipa noti ya shilingi elfu mbili. Alisema huo ni ubani wake, nitafute mtu anayekwenda Dar aufikishe kwenye msiba. Nilimwitikia, nikasema nitafanya hivyo kesho. Noti hiyo ipo mpaka leo kwenye droo ya kabati la vyombo, imekunjwa vile vile alivyoikunja.

Wasalaam,
Baba yako